Usiweke bastola mfukoni hivi hivi
Mkuu umeuliza kama unaweza kuweka bastola mfukoni bila ala, yaani kifuko chake maalumu cha kuibebea, kwa vile shati linaifunika, mi nakwambia hapana, usifanye hivyo hata siku moja. Funguo au kamba ya koti ikinasa kwenye triga risasi inatoka, na wa kwanza kuumia ni wewe, tena pajani ambako mshipa mkubwa wa damu unapita, mtu anaishiwa damu ndani ya dakika chache tu. Tafuta ala ngumu inayofunika triga yote, ivae na mkanda imara usiolegea. Halafu leseni umeiangalia vizuri? Maana nchi zingine kibali cha kumiliki sio kibali cha kutembea nayo umeificha. Mazoezi ya kuichomoa fanya ikiwa tupu, risasi ziache chumba kingine kabisa.