Manyuali au auto kwenye pikapu ya mzigo: kwanza sema nani atashika usukani

Mkuu, nimekusoma. Umepata pikapu mbili za dabo kebini, umri unalingana, bei zinapishana kidogo, moja manyuali, nyingine auto. Unataka ikutolee nyanya shambani Kilolo, ikupelekee mbolea, mara mojamoja ishuke Dar na mzigo, na Jumapili mama watoto aende nayo kanisani. Siku za kazi ataendesha mpwa wako aliyepata leseni mwaka jana. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: hawa wanasema auto ni ya kina dada, haina nguvu, wale wanasema manyuali ni ushamba. Mimi nimemiliki zote mbili kwa kazi hiyohiyo, jumla miaka 11, na zote zimenitoa hela.

Tuanze na hili la nguvu, maana ndilo linalopotosha watu. Zamani lilikuwa na ukweli. Auto za gia 4 kwenye dizeli zisizo na tabo zilikuwa mzigo juu ya mzigo. Ukipanda mlima inababaika kati ya gia ya pili na ya tatu kama mgeni aliyesahau nyumba. Siku hizi mambo yamegeuka. Chukua Hilux ya injini 2.8 iliyotoka 2015. Toyota wenyewe ya manyuali waliipa Nm 420 za nguvu ya kuvuta, ya auto wakaipa 450. Walipoiboresha 2020, auto ikapanda hadi 500, manyuali ikabaki palepale 420, na injini ni ileile. Hata mkonga, Land Cruiser 70 ambayo wengi tuliapa Toyota hawataiwekea auto, mwaka 2023 ilianza kutoka na injini hiyo ya 2.8 na giaboksi ya auto ya gia 6. Anayekwambia auto haina nguvu muulize anaongelea gari ya mwaka gani.

Hasara yangu mimi haikutoka kwenye nguvu.

Pikapu ya kwanza ilikuwa Hilux ya injini ya 5L, dizeli isiyo na tabo, singo kebini, manyuali. Nikiendesha mwenyewe, klachi moja ilinikalia zaidi ya miaka mitatu, na mzigo ni uleule wa nyanya za Ilula. Kisha nikapata shughuli nyingine mjini Iringa, gari nikamkabidhi dereva. Dereva naye, akiumwa au akiwa na msiba, anampa deiwaka amshikie siku hiyo. Ndani ya miezi 14 niliweka klachi tatu. Kila mara pleti, presha pleti na beringi, na mara ya mwisho flaiwili ilibidi ikachongwe. Ukijumlisha na ufundi ni laki sita, laki saba, halafu gari imelala siku mbili wakati mteja ana tenga zake zinasubiri juani.

Siku moja nikaamua kupanda na huyo deiwaka bila taarifa. Nikakaa kiti cha pembeni, nikawa naangalia mguu wake wa kushoto. Njia nzima ya vumbi, kutoka shambani mpaka lami, ule mguu haukushuka sakafuni hata mara moja. Umelala juu ya pedeli kama paka kwenye kochi. Tukafika kwenye kilima, mbele yetu fuso linahangaika kugeuza. Badala ya kuvuta hendibreki, jamaa akaishikilia gari kwa klachi na mafuta, anabalansi, inacheza mbele nyuma, mbele nyuma, huku ananipigia stori ya mpira. Kama dakika nne hivi. Harufu ikaanza, ile ya ukucha na mpira vikiungua pamoja. Akashusha kioo, akachungulia nje, akasema, "Bosi, kuna watu wanachoma takataka huku."

Nilicheka, lakini ndipo nilipoelewa hela yangu inakoenda.

Hata hivyo siwezi kuisema vibaya ile gari. Giaboksi ya manyuali fundi yeyote wa barabarani anaishusha chini ya mti, kwa jeki na vijana wawili, na spea zake utazipata hata kwenye duka linalouza misumari. Usiku mmoja stata ilikufa tukiwa Mtandika, mzigo kamili nyuma. Palikuwa na kamteremko. Wakaja vijana sita, nikawasha swichi, nikaweka gia ya pili, nikakanyaga klachi, wakasukuma. Ilipochanganya nikaachia klachi, ikakohoa mara mbili, ikawaka. Nikawapa elfu kumi wagawane, safari ikaendelea. Kwa auto hilo halipo, hata wakisukuma kijiji kizima. Ingekuwa auto tungelala pale, na nyanya zingeamka mchuzi.

Ya pili ndiyo auto, dabo kebini, dizeli yenye tabo. Jina la kampuni naliacha kwa sababu makosa mengi yalikuwa yangu. Wiki ya kwanza niliipeleka shambani mwezi wa pili, mvua imekolea, njia imekuwa utelezi mtupu. Hapo ndipo auto ilinishangaza. Kati ya injini na giaboksi hakuna pleti ya klachi unayoisugua kwa mguu. Kuna dude la duara lililojaa mafuta, injini inazungusha mafuta, mafuta yanazungusha giaboksi. Wakati wa kuondoka lile dude linaongeza nguvu ya kuvuta, na inafika kwenye matairi polepole bila kushtua. Kwenye manyuali, ukiachia klachi vibaya kidogo tu matope yanaruka na tairi linajichimbia kaburi. Kwenye auto niliweka foo wili nzito, nikaachia breki, nikagusa mafuta kidogo, gari ikatambaa yenyewe kama kobe mpaka juu. Deiwaka yuleyule wa takataka aliipandisha bila kunuka chochote.

Foleni ya kuingia Dar kuanzia Mbezi alfajiri sina haja ya kueleza. Goti langu linajua.

Sasa Kitonga, ile milima ya kona kwenye barabara ya Iringa na Dar. Wanaotoka Dar wanaiogopa kwa kupanda. Sisi wa Ilula tunaiteremka na mzigo, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kwa manyuali, ukiteremka na gia ya pili injini inakushika, breki unagusa tu kwenye kona. Kuna madereva wanaweka fri, gia imetoka kabisa, eti wanaokoa mafuta, hao tuwaache. Kwa auto, ukiacha kwenye D halafu ukasahau, giaboksi inaona huna haja ya nguvu, inapanda gia, gari inakimbia, wewe unakanyaga breki, inakimbia tena. Safari yangu ya kwanza nayo nilifika Ruaha Mbuyuni pedeli imekuwa laini kama unakanyaga sifongo, magurudumu ya mbele yanafuka, na wale kina mama wa vitunguu waliokuja kuniuzia wakarudi nyuma. Dawa yake ni ndogo: kabla hujaanza kuteremka vuta lever kwenye S au M ushushe gia kwa mkono, na zile za zamani weka 2. Injini inaunguruma, mtu anayejua anaiacha iungurume. Ila lazima mtu afundishwe. Mpwa wako hatalijua kwa kuzaliwa.

Giaboksi ilikufa mwaka wa tatu. Dalali aliyeniuzia alinihakikishia oili ya auto haibadilishwi, "ni ya maisha". Sikumuuliza maisha ya nani. Na sisi tulikuwa tunapakia tenga 30 na lumbesa juu kwenye gari ya tani moja. Ikaanza kuchelewa kushika ikiwa ya moto, baadaye kwenye kilima injini inapanda sauti lakini gari haiendi. Fundi alipofungua nati ya chini, kilichotoka kilikuwa cheusi kama kahawa ya msibani na kinanuka kuungua. Akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akanionyesha: kuna chengachenga. Hakusema kitu, akanawa mikono.

Na kabla ya hapo kulikuwa na ujinga mwingine. Siku ilipogoma, rafiki yangu aliivuta kwa kamba mpaka gereji, magurudumu yote chini, kama kilomita 20. Auto haivutwi hivyo. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, vyuma vinazunguka vikavu. Inapandishwa kwenye gari la kubebea, kwisha. Kilichokuwa kimebaki kizima tukakimalizia njiani.

Mjini kwetu hakuna aliyekuwa tayari kuifungua na kuipanga upya. Nikaagiza iliyotumika kutoka Dar, na usafiri na ufundi ikasimama milioni 3 na laki 2, nikasubiri wiki mbili, tena msimu. Ukipiga hesabu, hiyo ni klachi nne au tano kwa mkupuo mmoja. Ukitazama hivyo unaweza kusema manyuali imeshinda. Lakini giaboksi ya pili ipo mpaka leo, mwaka wa tano huu, imepita kwenye mikono ya madereva wanne. Nilichobadilisha ni mimi. Oili kila kilomita 40,000, na ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana kuna mafundi wanamimina yoyote nyekundu. Hata oili mbili za Toyota wenyewe, WS na T-IV, hazichanganywi. Na ujue ukifungua nati ya chini inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye lile dude la duara, kwa hiyo mara ya kwanza mimi hubadilisha mara mbili ndani ya mwezi. Tenga mwisho 24.

Manyuali inaharibiwa na dereva. Auto inaharibiwa na mwenye gari. Ungeniambia utaendesha mwenyewe, na gari italala Kilolo ndani kabisa ambako fundi ni mmoja, ningekwambia chukua manyuali bila kuuliza tena. Lakini umesema ni kijana mwenye leseni ya mwaka mmoja, na mama watoto, na wewe upo Iringa mjini unaweza kuifuatilia. Hapo mimi nachukua auto.

Ila usiichukue hiyo uliyoipata kwa sababu tu ni auto. Nenda na fundi wa auto, siyo fundi wako wa siku zote. Mguu kwenye breki, toa P weka R, kisha D. Inatakiwa ishike mara moja, kimyakimya. Ikisubiri kwanza, au ikipiga teke, ondoka. Iendeshe mpaka ipate moto, kisha uitafutie mlima, maana giaboksi mgonjwa asubuhi anajificha. Omba oili itolewe kidogo muione: nyekundu au kahawia nyepesi sawa, nyeusi yenye harufu hapana, na usikubali aliyeibadilisha jana ili ikupendeze leo. Kama ni iliyotokea Japani, usishangae hukupewa chaguo la manyuali. Hilux iliacha kuuzwa kule 2004, iliporudi 2017 ikaja auto tupu.

Ikifeli hayo, rudi kwenye manyuali, nayo uipime. Simama tambarare, hendibreki juu, gia ya nne, achia klachi polepole. Inatakiwa izime hapohapo. Ikiendelea kuunguruma kama haijasikia, pleti imekwisha, na laki saba mtoe kwenye bei kabla hujalipa.

Zote mbili nenda asubuhi, na mpigie muuzaji mwambie asiwashe. Ukifika gusa boneti. Ukikuta ina moto, mwambie utarudi kesho.