Maswali na majibu: mwajiri wa DevOps (kazi ya kuendesha seva na kuzifikisha programu kwa watumiaji) anakupima wapi

Nina cheti cha AWS Solutions Architect Associate. Nimeitwa usaili mara mbili, zote nimekwama kwenye zoezi la vitendo. Niongeze cheti kipi? (Msomaji, Mwanza)

Usiongeze. Mtihani ule wa AWS, huduma za kompyuta za kukodi za Amazon, ni maswali 65 ya kuchagua jibu ndani ya dakika 130. Ukiufaulu, tunajua kwamba unazifahamu huduma na wapi kila moja inafaa. Zoezi la usaili linapima kingine kabisa: unapewa seva ya Linux yenye hitilafu, tovuti yake inarudisha 502 (seva ya mbele haipati jibu sahihi kutoka kwa programu iliyo nyuma yake), na msaili anatazama amri yako ya kwanza. Anayewasha seva upya kabla ya kusoma logi, yaani kumbukumbu za matukio, amepoteza ushahidi.

Chukua zoezi linalopendwa sana, diski iliyojaa. df -h, amri ya kuona nafasi ya diski, inaonyesha asilimia 100. Wengi wanaisaka logi kubwa, wanaifuta kwa rm, wanapiga df tena na kukuta bado 100. Hapo wanaanza kutapatapa. Programu iliyokuwa ikiandika logi ile bado imeishikilia, kwa hiyo jina limetoka kwenye folda lakini nafasi haijaachiwa. Piga lsof +L1 uone faili zilizofutwa ambazo bado zimeshikiliwa, kisha uwashe upya programu hiyo peke yake. Mwenye uzoefu asingeifuta tangu mwanzo, angeipunguza kwa truncate -s 0. Na ukikuta df -h inasema nafasi ipo tele huku seva inakataa kuandika, piga df -i. Huenda inodi, nafasi za kusajili faili kwenye diski, zimekwisha kwa sababu ya maelfu kwa maelfu ya vifaili vya sesheni ambavyo hakuna aliyepanga vifutwe.

Usiishie hapo. Eleza utazuiaje tatizo lisirudi: logrotate, zana ya kuzungusha logi na kufuta za zamani, na tahadhari inayolia diski ikifika asilimia 80. Msaili anaisubiri sehemu hiyo, na waombaji wengi hunyamaza mara tu tovuti inaporudi hewani.

Nianze na Docker au Kubernetes? (Wengi)

Linux, halafu mtandao. Swali hili linakuja bila kukoma, na mara nyingi anayeliuliza hajui kwamba mtandao wa /24 una anwani 256, wala kwamba AWS hujichukulia 5 katika kila sabneti, yaani kipande cha mtandao. Kontena ni programu ya Linux iliyowekewa mipaka na kerneli, kiini cha mfumo; Docker huliendesha, Kubernetes husimamia kontena nyingi kwenye seva nyingi. Usipoijua Linux utakuwa unanakili faili za mipangilio (YAML) za watu, na siku zikigoma huna pa kushika.

Msaili alisema: "Kontena lako kwenye Kubernetes linakufa kwa namba 137 kila baada ya saa chache." Nikajibu kwamba nitaongeza memori. Nimekosea wapi? (Msomaji, Nairobi)

Umetoa dawa kabla ya kupima. 137 ni 128 jumlisha 9, na 9 ni ishara ya SIGKILL. Maana yake kontena limeuawa kwa nguvu, na kazi yako ni kumjua aliyeliua. Piga kubectl describe pod, utazame sehemu ya Last State. Ikiandika OOMKilled, kikomo cha memori kimevukwa. Isipoandika hivyo, mshukiwa wa kwanza ni kipimo cha uhai (liveness probe), kinachokagua kama programu bado inajibu: kilishindwa, Kubernetes ikatuma SIGTERM, ombi la kuzima kwa utaratibu, ikasubiri sekunde zake 30, programu haikuzima, ikauawa. Hapo hata ukiongeza memori mara kumi hupati kitu.

Soma pia kubectl logs --previous, kwa sababu logi za sasa ni za kontena jipya, halijui kilichompata mwenzake. Kama programu ni ya Java, kagua -Xmx, kikomo cha hipu, yaani memori ambamo Java huweka data za programu. Wapo wanaoipa hipu gigabaiti 2 zote ndani ya kikomo cha gigabaiti 2, wakati Java inahitaji memori nyingine nje ya hipu. Na kama matumizi yanapanda taratibu siku nzima bila kushuka, memori inavuja ndani ya programu yenyewe. Ukiongeza kikomo, hitilafu itakuamsha saa nane usiku badala ya saa mbili.

Wapi napata majibu ya mtihani yaliyovuja?

Usiyatafute. Ikigundulika cheti kinafutwa, na dakika kumi za usaili zinatosha kukuumbua.

Nilifungua akaunti ya AWS ya mazoezi, eneo la Virginia, nikazima seva zangu mbili. Mwezi ukaisha nimetozwa dola 38.40. Nimeibiwa? (Msomaji, Arusha. Kila seva ilikuwa na diski ya gp3 ya gigabaiti 15.)

Hujaibiwa, uliacha NAT gateway, lango la seva za ndani kwenda intaneti, inafanya kazi. Senti 4.5 kwa saa, mara saa 720, ni dola 32.40. Anwani yake ya umma ya IPv4 ni nusu senti kwa saa, dola 3.60. Diski za seva zilizozimwa nazo hulipiwa: gigabaiti 30 kwa senti 8 kila moja ni dola 2.40. Jumlisha mwenyewe. Jenga mazoezi yako kwa Terraform, zana ya kuunda mitambo ya wingu kwa faili za maandishi, ili terraform destroy iondoe kila kitu, weka tahadhari ya bajeti ya dola 5, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti kuu leo hii. Kuisoma bili namna hii ni ujuzi unaolipa. Utaje kwenye wasifu.

Terraform ni lazima?

Jifunze, matangazo mengi ya kazi yanaitaja. Ila faili la terraform.tfstate, linalotunza hali ya mitambo yako, hubeba nywila waziwazi, kwa hiyo lisionekane kamwe kwenye Git, zana ya kutunza historia ya msimbo. Liweke kwenye hifadhi ya mbali yenye kufuli, ili watu wawili wasibadilishe mitambo kwa wakati mmoja. Na kama umeshapandisha ufunguo wa AWS kwenye GitHub, kuufuta katika komiti inayofuata hakusaidii, bado umo kwenye historia. Ubatilishe kwanza ndani ya AWS, utengeneze mwingine, ndipo urudi kusafisha historia.