Shangazi, mwanangu hatulii darasani

*Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miaka sita na nusu, yuko darasa la kwanza. Kila mara naitwa shule: hakai kitini, anaropoka jibu kabla swali halijaisha, penseli anapoteza kila siku. Juzi kachapwa hadi mkono ukavimba. Mama mkwe anasema mtoto ana jini, twende kwa mganga. Mume wangu anacheka tu, eti hata yeye alikuwa hivyohivyo. Nifanyeje? – Mama wa Tanga*

Marahaba mwanangu. Nianze na huo mkono. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi 4, na viandikwe kitabuni. Nenda kwa mwalimu mkuu, msalimie vizuri, kisha uliza hicho kitabu kiko wapi. Usigombe, maana walimu hao utawahitaji.

Tuje kwa mtoto. Dalili ulizotaja zinafanana na ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kusubiri zamu na kushika jambo moja hadi mwisho. Ila mimi wa gazetini siwezi kumpima, na mwalimu wake pia hawezi. Daktari huangalia kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, na kama zinaonekana katika sehemu zaidi ya moja. Je, madrasa anakaa? Ukimtuma chumvi, anarudi nayo, au unamkuta kachuchumaa kwa fundi baiskeli, hela bado iko mkononi? Kama ni shuleni tu, huenda hasikii vizuri, haoni ubao, au darasa limefurika.

Halafu kuna umri. Walio wadogo kuliko wenzao darasani huambiwa wana ADHD mara nyingi zaidi, kumbe wengine hawajakomaa tu. Hebu uliza wangapi mle ndani wameshatimiza saba.

Mumeo anacheka, lakini humo nyumbani yeye ndiye aliyesema la maana. Hali hii hurithiwa sana. Muulize kwa upole alikuwaje shuleni, na kama fimbo zilimtuliza. Mama mkwe usishindane naye. Akitaka kumsomea dua, amsomee. Dawa za mganga za kunywa na kuchanjwa chale, hapana.

Anzeni hospitali ya mkoa: masikio, macho, damu, na mweleze daktari mtoto analalaje. Kisha ombeni rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili. Muhimbili ina idara yake. Usishtuke kusikia "afya ya akili", hakuna aliyesema mwanao ni kichaa. Dawa zipo na huwasaidia wengi, lakini aziandike daktari, na ziende pamoja na kuwafundisha nyie wazazi namna ya kumlea.

Wakati mnasubiri, mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha, na amtume kufuta ubao au kukusanya madaftari, apate kuinuka kihalali. Penseli ikate vipande viwili, kimoja kibaki kwako. Nyumbani toa agizo moja tu: "Vua viatu." Akishavua, msifu palepale, ndipo umwambie anawe mikono. Ukimpa manne kwa mpigo, la kwanza tu ndilo litakalobaki, nalo kwa bahati.

Na nunua daftari dogo. Andika anachofanya, wapi, saa ngapi, alilala saa ngapi. Mwalimu wa shule na ustadhi nao waandike mistari yao. Siku ya daktari, nenda nalo.