Kutathmini mradi wa watoto wakimbizi: dodoso lisubiri kwanza

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza utumie dodoso gani kujua kama mradi wenu wa msaada wa kisaikolojia na ulinzi wa mtoto umewasaidia watoto kambini, na umesema mfadhili anataka ripoti yenye asilimia. Mdau mmoja hapo juu kakushauri upime mwanzo, upime mwisho, utoe tofauti, basi. Nimekaa miaka kadhaa kwenye ufuatiliaji na tathmini ya miradi ya aina hii na sikubaliani naye. Samahani kwa urefu.

Nianze na hiyo hesabu ya mwanzo na mwisho. Watoto wengi hupimwa mara ya kwanza wakiwa wamefika juzi tu. Hawalali, wanashtuka ovyo, wengine wamerudia kukojoa kitandani, na mama mwenyewe hajui watalala wapi kesho. Miezi sita baadaye familia ina pa kukaa, mtoto ana marafiki, shule imeanza. Dhiki itakuwa imeshuka hata kama kituo chenu kilifungwa kufuli muda wote huo. Ukiandika kwamba imeshuka kwa sababu ya mradi, umejichukulia sifa za mama zao na za walimu. Na kinyume chake hutokea: mgao wa chakula ukipunguzwa katikati ya mradi, alama za dhiki zinapanda na kazi nzuri inaonekana haina maana.

Kwa hiyo unahitaji kundi la kulinganisha. Najua watu hulikimbia kwa hoja kwamba huwezi kumnyima mtoto huduma ili upate takwimu. Humnyimi. Miradi karibu yote haiwezi kupokea watoto wote siku moja, kwa hiyo awamu ya pili ipo tayari inasubiri. Wapime wa awamu zote mbili pamoja, wahudumie wa kwanza, wapime wote tena, kisha wa pili waingie. Sharti moja halina mjadala: mtoto aliye hatarini hasubiri awamu. Anafunguliwa kesi (yaani faili la huduma yake, si la mahakamani) siku hiyo hiyo, awe kundi lolote, hata kama sampuli yako itapungua.

Ulinganishaji wa namna hii umeonyesha mambo ambayo wengi hatukuyatarajia. World Vision na Chuo Kikuu cha Columbia walipotathmini maeneo rafiki kwa watoto (vituo salama vya michezo na mafunzo) katika nchi kadhaa, zikiwemo Ethiopia, Uganda na Yordani, faida ilionekana zaidi kwa watoto wa miaka 6 hadi 11 kuliko kwa vijana wa 12 hadi 17. Programu moja ya vikundi vya darasani ilijaribiwa Indonesia ikapunguza dalili za kiwewe, lakini si za huzuni wala wasiwasi. Ilipojaribiwa Burundi haikuonyesha faida ya jumla. Mtu akikwambia programu yake imeshathibitishwa, muulize imethibitishwa wapi, na kwa watoto wa umri gani.

Haya, dodoso. Wengi watakutajia SDQ, dodoso la hisia na tabia za mtoto, lile la Goodman la 1997 lenye maswali 25. Si baya, na limetafsiriwa katika lugha nyingi. Ila toleo lake la kawaida linauliza hali ya mtoto kwa miezi 6 iliyopita. Kama mradi wenu ni wa miezi 3, jibu la mwisho linabeba pia miezi ya kabla hamjaanza! Lipo toleo la ufuatiliaji linalouliza mwezi mmoja uliopita. Hilo ndilo la kutumia wakati wa kupima mwisho. Pia usiwapime watoto wote dalili za kiwewe kana kwamba wote ni wagonjwa. Mwongozo wa IASC (kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada ya kibinadamu) wa 2007 unapanga msaada kwa ngazi nne: chini kabisa usalama na huduma za msingi, juu yake familia na jamii, kisha msaada mahususi usiohitaji bingwa, na kileleni wataalamu. Watoto wengi wanatosheka na ngazi mbili za chini. Mradi wa michezo na nyimbo haufai kuulizwa kwa nini haujatibu sonona.

Lakini mkuu, hayo yote yanahusu nusu ya kazi. Mradi wenu una neno "ulinzi" kwenye jina lake, na ulinzi hauonekani kwenye dodoso. Unaonekana kwenye faili la kesi.

Omba mafaili yenyewe, si muhtasari wa meneja. Yachague kwa bahati nasibu, majina yafunikwe, uyasome pale pale ofisini bila kupiga picha hata ukurasa mmoja. Chukua faili moja ulifuate toka mwanzo: nani alimtambua mtoto, siku ngapi zilipita kabla ya kutembelewa, mpango wa kesi unasema nini, rufaa (kumpeleka kwenye huduma nyingine) ilikwenda wapi, na huko alipokelewa au aliambiwa arudi wiki ijayo? Utakutana na ukurasa wenye safu ya tarehe, na mbele ya kila tarehe imeandikwa "ufuatiliaji unaendelea". Maneno yale yale, mwandiko ule ule, hata wino haujabadilika. Hapo simama.

Nilishakuta faili la mvulana aliyefika bila mzazi, akawekwa kwa familia ya kumlea. Kwa mujibu wa karatasi alikuwa anatembelewa kila mwezi na anaendelea vizuri. Tulipofika, mama wa pale akatukaribisha, akatupa viti, halafu akasema taratibu kwamba mtoto alishaondoka zamani. Analala kwa rafiki yake na mchana anabeba mizigo sokoni. Kwenye ripoti ya mradi alikuwa amehesabiwa miongoni mwa watoto waliopata malezi mbadala. Hakuna dodoso lingemwona, kwa sababu hakuwepo siku ya kupima.

Kabla hujamlaumu mhudumu wa kesi, hesabu kesi alizobeba. Viwango vya Chini vya Ulinzi wa Mtoto katika Misaada ya Kibinadamu, toleo la 2019, vinapendekeza mhudumu mmoja asizidishe watoto 25. Ukikuta ana mara tatu ya hapo, umeshapata tokeo muhimu la tathmini yako, na linagusa bajeti, si tabia ya mtu. (Wafadhili hawalipendi tokeo hili. Liandike hivyo hivyo.)

Jambo jingine ni wasiohudhuria. Daftari la mahudhurio linakupa waliokuja tu, kwa hiyo lilinganishe na orodha ya wakazi wa kambi kwa umri, jinsia na ulemavu. Halafu kaa nje ya uzio saa za shughuli uangalie. Mara nyingi utamwona msichana wa miaka kumi na kitu, mdogo wake mgongoni, amesimama anatazama wenzake wanaruka kamba. Ukimuuliza kwa nini haingii, atakwambia watoto wachanga hawaruhusiwi. Au saa ya mazoezi ndiyo saa ya foleni ya maji. Hayo yanarekebishika ndani ya wiki moja, na yana uzito kuliko nusu ya viashiria kwenye mpango kazi.

Watoto wenyewe waulizwe pia. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinawapa haki hiyo. Ila usimwambie mtoto akusimulie yaliyomkuta njiani ili upate nukuu ya kupamba ripoti. Wape karatasi kubwa na kalamu za rangi, wachore kambi, waweke alama wanapopenda kwenda na wanapopaogopa. Wasichana na wavulana wachore kando, kwani alama zao hazifanani. Vyoo visivyo na taa na njia ya kwenda kisimani hujitokeza bila wewe kuuliza swali lolote la kuumiza. Waulizaji wasiwe walewale wanaowachezesha kila siku, maana mtoto hatamwambia mwalimu wake kwamba kituo kinamchosha. Pata ridhaa ya mlezi na ya mtoto mwenyewe, na kabla ya swali la kwanza uwe unajua kwa jina nani atapokea rufaa mtoto akifichua ukatili siku hiyo. Kama mtu huyo hayupo, ahirisha zoezi.

Kuna mtego mmoja wa takwimu. Idadi ya kesi za ukatili zilizoripotiwa ikipanda, usikimbilie kuandika kwamba hali imekuwa mbaya. Mradi unaofanya kazi huwapa watoto na walezi ujasiri wa kusema, kwa hiyo mwanzoni idadi hupanda. Inayonitia shaka mimi ni kambi kubwa yenye sifuri kila mwezi.

Na kwa kuwa mfadhili wako anataka asilimia, zipo za kumpa. Kati ya kesi zilizofunguliwa, ngapi zilitembelewa ndani ya muda mliojiwekea. Kati ya rufaa, ngapi zilithibitishwa na aliyepokea, siyo na aliyetuma. Kati ya kesi zilizofungwa, ngapi zilifungwa kwa sababu lengo limefikiwa na ngapi kwa sababu mtoto hakuonekana tena. Kati ya watoto wenye ulemavu waliomo kambini, ni wangapi wamewahi kuingia kituoni. Hizo ziweke ukurasa wa kwanza. Alama za SDQ zifuate, kila kundi la umri peke yake, na za waliokuwa wanasubiri kando yake.