Nimekutana na Mchezaji Mashuhuri Safarini na Nikalia kwa Furaha: Je, Nimekosea?

SWALI

Assalaamu alaykum Shekhe. Nilikuwa safarini, nasubiri kuunganisha ndege, mara nikamwona mchezaji mpira mashuhuri ambaye nimempenda tangu utotoni. Yeye si Muislamu. Mwili ulinitetemeka na machozi yakanitoka. Alikuwa ameketi mkahawani na mama yake mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu. Nikasimama nje kumngoja, na hapo nikawapiga picha kupitia kwenye kioo, yeye akimlisha mama yake. Alasiri ikanipita kwa sababu niliogopa nikienda kuswali nitamkosa. Walipotoka nilimwita kwa sauti, akageuka, akanitilia saini kwenye fulana, basi. Ile picha nimeituma kwa watu na imesambaa kuliko nilivyotarajia. Wenzangu nimewaambia kwamba tulizungumza sana, ingawa kusema kweli maneno hayakufika kumi. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimemuota, kwa hiyo naamini lile halikuwa jambo la bahati tu. Rafiki yangu anasema machozi yale ni shirki, na fulana niichome moto. Je, kumfurahia mtu namna hii ni kosa? Na fulana niifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu yangu, umeuliza juu ya machozi na fulana, na hayo nitakujibu. Lakini ndani ya maelezo yako yamo mambo mawili uliyoyapita mbiombio, nayo kwangu ndiyo mazito: Alasiri iliyokupita, na picha ya mama wa watu akilishwa. Tuanze na mepesi.

Kufurahi kumwona mtu ambaye kipaji chake kinakuvutia ni maumbile ya binadamu, na kwa asili yake hakuna dhambi. Kutetemeka nako hakukuja kwa hiari yako. Bwana mmoja alifika mbele ya Mtume (s.a.w.), akawa anazungumza naye huku mabega yanamcheza kwa hofu. Mtume akamwambia atulie, kwa kuwa yeye si mfalme, ni mwana wa mwanamke aliyekuwa akila nyama iliyokaushwa. Ameipokea Ibn Majah. Tazama kwamba hakumkemea wala hakumtuhumu. Alimrejesha kwenye hali yake kwa kumkumbusha kwamba aliye mbele yake ni mtu aliyezaliwa na mama, akalelewa kwa chakula cha watu wa kawaida. Ikiwa hivyo ndivyo alivyosema aliye bora wa viumbe, basi anayepiga mpira ana haki zaidi ya kutazamwa kwa jicho hilo.

Rafiki yako ameharakia. Shirki ni kumpa kiumbe ibada ambayo ni haki ya Allah peke yake, na tuhuma hiyo inamtoa mtu katika dini. Haitupiwi kijana aliyetokwa na machozi kwenye uwanja wa ndege. Ungemsujudia, au ungemwomba akuondolee dhiki ambayo haondoi ila Allah, tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa.

Ama ndoto, usiipe uzito. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, ndoto zimegawanywa mafungu matatu: bishara itokayo kwa Allah, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu anajisemesha nafsini mwake. Kijana anayemfuatilia mchezaji tangu utotoni, kila mechi na kila habari yake, akimuota itakuwa ajabu gani? Hakuna jani linaloanguka ila Allah analijua, kama ilivyo katika Surat al-An'am, na kukutana kwenu kulikuwa katika elimu Yake. Ila hilo halifanyi kila tukio kuwa ujumbe uliotumwa kwako. Ukitaka lazima kulipa tukio lile maana, lichukue kuwa mtihani, kisha ujiulize ulifaulu wapi na ulianguka wapi.

Maana mapenzi yana mizani yake. Anas (r.a.) amesimulia kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) Kiyama kitakuwa lini. Akaulizwa: umekiandalia nini? Akasema hana kikubwa, isipokuwa anampenda Allah na Mtume Wake. Akaambiwa kwamba atakuwa pamoja na anayempenda. Anas anasema hawakupata kufurahi, baada ya Uislamu, kama walivyofurahi kwa neno hilo. Sikutajii hadithi hii ili kukutisha, ingawa najua mashabiki wengi wakiisikia hukaa kitako vizuri. Kuvutiwa na ustadi wa mtu uwanjani ni jambo moja, na kumpenda kiasi cha kuiga mwenendo wake na kupuuza haki za Mola wako kwa ajili yake ni jambo jingine. Mahali pa kuyapima ni pale yanapogongana. Siku ile yaligongana, na unajua mwenyewe ni yupi uliyemwacha angoje.

Sasa nije kwenye picha, maana hapa ndipo wengi wetu tumejisahau. Tunauliza sana kama inajuzu kumpenda mtu mashuhuri, na ni nadra kusikia mtu akiuliza yule mashuhuri ana haki gani juu yetu. Kana kwamba umaarufu umemvua ubinadamu, akawa mali ya umma kama njia ya kupita watu.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa mtu anayetafutwa na kila anayefika Madina. Wajumbe wa Bani Tamim walipokuja, walisimama nyuma ya vyumba vyake wakamwita kwa sauti awatokee. Ikateremka katika Surat al-Hujurat kwamba wanaokuita kutoka nyuma ya vyumba, wengi wao hawana akili, na lau wangesubiri mpaka uwatokee, ingekuwa kheri kwao. Katika Surat al-Ahzab wakaambiwa Waumini kwamba wakialikwa kwake, wakisha kula watawanyike, wasikae kuzungumza, kwani jambo hilo lilikuwa likimuudhi Nabii naye anawaonea haya. Neno hilo la haya nakuomba ulitafakari. Mtu anayependwa na watu mara nyingi anashindwa kusema "niacheni", na kunyamaza kwake tunakuchukua kuwa ruhusa. Yule mchezaji aligeuka, akakutilia saini, akaenda zake. Je, alifurahi, au alikustahi tu mbele ya mama yake? Hatujui, na kutokujua huko kulitosha kukuzuia usimwite kwa sauti.

Najua mwenye hoja atasema: hukmu za vyumba vya Mtume (s.a.w.) ni heshima maalumu kwake. Ni kweli kwamba heshima yake haina mfano. Ila adabu ya kutomuudhi mtu katika faragha yake ni ya watu wote. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na kitana cha chuma mkononi. Akasema lau angejua kwamba anatazamwa, angemchoma nacho jichoni, kisha akabainisha kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya macho.

Mkahawa si nyumba, nalikubali hilo. Aliyeketi pale anajua kwamba wapita njia watamwona, na wewe kumwona tu hukuvunja haki yoyote. Kioo cha mkahawa hakikukuzuia kutazama. Lakini jicho huona likasahau, na kamera hukamata kitu na kukipeleka kwa watu ambao mwenyewe hakuwahi kuridhia wamwone. Mama yule hakuwa mashuhuri. Umaarufu ni wa mwanawe. Yeye ni mzee mgonjwa aliyekuwa anakula, pengine kwa taabu, na sasa hali yake hiyo inatazamwa na watu asiowajua, wengine wanaonea huruma, wengine wanacheka. Wewe ungeridhia mama yako apigwe picha hiyo? Hata wanazuoni wanaojuzisha picha za kamera, na hitilafu yao katika jambo hilo inajulikana, hawakujuzisha kwa ajili ya kumfichua mtu udhaifu wake bila idhini yake.

Wala usiseme kwamba hao si Waislamu. Surat al-Mumtahina iko wazi kwamba Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu. Haki ya mtu kutoudhiwa haipimwi kwa dini yake.

Hapa namkumbuka Uwais al-Qarani, na kisa chake kimo katika Sahih Muslim. Umar bin al-Khattab (r.a.), naye ndiye Amiri wa Waumini, alikuwa kila wakija wasaidizi wa jeshi kutoka Yemen anauliza: yumo miongoni mwenu Uwais bin Amir? Mpaka akampata. Alikuwa amepewa habari na Mtume (s.a.w.) juu ya mtu huyu aliyemtendea wema mama yake, ambaye lau angeapa kwa Allah, Allah angemtimizia. Umar akamwomba amwombee maghufira, naye akamwombea. Umar alipojua kwamba Uwais anakwenda mji wa Kufa, huko Iraki, akataka kumwandikia barua kwa gavana wa huko. Uwais akasema kuwa miongoni mwa watu wasiojulikana kunapendeza zaidi kwake. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa vyeo kutoka Kufa alihiji, Umar akampa habari za Uwais, naye aliporudi akamwendea kumwomba dua. Hapo watu wakamtambua. Alipoona ametambulikana, akaondoka akaenda zake.

Mtu aliyekuwa na jambo la kutafutiwa kweli, aliuona umaarufu ni kitu cha kukimbia. Sisi tunamfukuzia anayeukimbia, na asiyeukimbia tunamtafunia hata dakika zake za kumlisha mama yake.

Basi kitakachokupasa ni hiki. Ifute picha hiyo popote ulipoiweka, uwaandikie uliowatumia waifute na waache kuisambaza. Utubie kwa Allah. Na kwa kuwa dhambi hii inahusu haki ya binadamu, asili ni kumwomba radhi mwenyewe. Ukiwa na njia ya kumwandikia, mwandikie mara moja kwa adabu, wala usiifanye barua hiyo kuwa kisingizio cha kutaka akujibu. Ukikosa njia, au ukichelea kwamba kumweleza kutamzidishia maudhi, waombee uongofu na afya yeye na mama yake, na utaje wema wake huo wa kumhudumia mzazi bila picha.

Waambie wenzako pia kwamba hamkuzungumza kama ulivyowasimulia. Mtume (s.a.w.) amesema, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba anayejionyesha kuwa amepewa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Ni aibu ndogo ya dakika moja, na wengi wao watacheka tu.

Fulana usiichome. Allah anachukia kupoteza mali, na fulana ni nguo. Ivae, igawe, au iweke iwe kumbukumbu, mradi usiitundike kwa kuitukuza wala usiamini kwamba ina baraka. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kutabaruku, yaani kutafuta baraka, kwa vitu vilivyoachwa na watu wema baada ya Mtume (s.a.w.), lakini sijapata kusikia mmoja aliyezungumzia saini ya mchezaji. Kitu kimoja tu: usiswali nayo. Mtume (s.a.w.) aliswali na vazi lenye nakshi, na alipomaliza akaamuru lipelekwe kwa Abu Jahm, aletewe lisilo na nakshi, kwa sababu lilimshughulisha katika swala. Swala yenyewe inasihi, lakini wewe na moyo wako ule wa siku ile, ukiinama rukuu ukaiona saini, mawazo yako yatakuwa wapi?

Iliyobaki ni Alasiri, na hapa sina la kukulegezea. Kumkosa mtu si udhuru. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba anayepitwa na swala ya Alasiri ni kama aliyepokonywa ahali zake na mali yake, na katika hadithi ya Burayda iliyopokewa na Bukhari, mwenye kuiacha amali yake imeporomoka. Nawe ulikuwa msafiri, dini imekwisha kukupa wepesi: ungeweza kuikusanya na Adhuhuri mapema, ukaiswali rakaa mbili, ukarudi pale pale ulipokuwa umesimama.

Tubia kwa kuichelewesha makusudi, na uilipe. Hiyo ndiyo kauli ya madhehebu manne. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, swala ya safarini iliyokupita, ukiilipa ukiwa umekwisha kurudi nyumbani, unailipa rakaa nne kamili, hairuhusiwi kupunguzwa tena. Wenzetu wa Hanafi na Maliki wanasema ni mbili kama ilivyokupita. Ukiwa hukuilipa mpaka sasa, usingoje Alasiri ya kesho. Tawadha uiswali ukimaliza kusoma haya.

Wallahu a'lam.