Nguruwe wa baridini wafugwe kwa kalenda

Watu wakiniuliza kuhusu nguruwe wanaanzaga na mbegu, ipi nzuri, Large White, Landrace au Duroc, na mimi nawauliza swali lingine kabisa, jike wako atazaa mwezi gani? Maana huku kwetu Njombe, na ukipanda kuelekea Makete ndo usiseme, usiku wa Juni na Julai nyuzijoto zinashuka chini ya 10, na mtoto wa nguruwe anazaliwa hana mafuta mwilini wala manyoya ya maana, siku zake za kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 34. Akisikia baridi anamlalia mama yake kutafuta joto, mama anageuka, ndo basi tena. Asubuhi unakuta watoto wamekandamizwa alafu watu wanasema jike mbaya, jike hana kosa.

Kwaiyo hesabu yangu naianzia Desemba. Mimba ni siku 114, wengine wanasema miezi mitatu wiki tatu na siku tatu, ni kitu kilekile. Jike akipandwa mwanzoni mwa Desemba anazaa mwishoni mwa Machi, watoto wananyonya wiki 8, mpaka tarehe 20 Mei hivi umeshawaachisha, baridi kali inawakuta wakubwa wanaokula wenyewe na kulala wamebanana. Alafu jike akiachishwa, ndani ya wiki moja hivi anaingia tena kwenye joto la kupandwa, unampandisha mwishoni mwa Mei, anazaa katikati ya Septemba baridi imeshalegea. Hao nao wakiachishwa katikati ya Novemba, jike yuko tayari kwa Desemba yake. Yani mizao miwili kwa mwaka na hakuna hata mmoja unaoangukia Julai. Na wale wa Machi ndo wanaofika sokoni wakati wa Krismasi wakiwa na miezi 9 hivi, mda ambao kila mtu anatafuta kitimoto.

Jike akikataa kushika mimba anarudi kwenye joto la kupandwa baada ya siku 21, sasa hapo ndo utajua umuhimu wa daftari. Wa Desemba akichelewa mzunguko mmoja hana shida, anazaa Aprili. Ila akirudia mara mbili tatu huyo mzao wake utaangukia pabaya, mimi huyo natoa, simwonei huruma, jike anakula mwaka mzima.

Banda hapa si la kuiga picha za Dar ambako wanahangaika na joto. Upande unaotoka upepo ziba kwa mbao, ila usizibe mpaka juu kwenye paa, acha nafasi, maana mkojo una harufu kali inayowasumbua mapafu na utaanza kusikia wanakohoa. Mama mwenyewe anapenda nyuzi 16 mpaka 20, mtoto anataka karibu mara mbili ya hapo, sasa huwezi kuwapa wote joto moja, ndo maana unaweka kiboksi pembeni chenye mlango mdogo anaopita mtoto peke yake, ndani balbu ya joto na maranda makavu. Maranda huku si shida, mashine za mbao ziko kila kona na misindano yetu hii, chukua yaliyokauka tu na badilisha yakilowa. Umeme ukikatika watu wanaingiza jiko la mkaa, jamani, jiko la mkaa kwenye banda lililozibwa linaua nguruwe na linaua na mlinzi aliyelala humo.

Siku ya 3 wachomwe sindano ya madini ya chuma, maziwa ya mama hayana ya kutosha na kwenye sakafu hawapati udongo wa kuchimba.

Chakula sasa. Zile hesabu zinazozunguka WhatsApp, nguruwe 10 wanakupa mamilioni, nyingi zimepigwa kama vile nguruwe hasikii baridi. Jike mwenye mimba kilo 2 na nusu hivi kwa siku, akizaa unaongeza robo mpaka nusu kilo kwa kila mtoto, na mwezi wa baridi wanataka zaidi maana sehemu ya chakula inaishia kupasha mwili. Bahati yetu mahindi yanavunwa kipindi hichohicho, pumba zinashuka bei, nunua nyingi uweke kwenye stoo kavu, changanya na mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na chumvi kidogo. Viazi mviringo vya mabaki ndio vipo vingi ila chemsha, na vile vilivyogeuka kijani au kuota usiwape kabisa.

Sasa hiyo Desemba yenye hela ndo yenye hatari pia. Wanunuzi wanatoka banda hili kwenda lile na mabuti yaleyale, na homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, ikiingia unaweza kupoteza banda zima, alafu karantini inafunga hata wale wazima wa jirani wasiuzwe. Binadamu haimpati ila miguu yake, nguo na gari vinaibeba. Kwangu mnunuzi anaishia getini, nguruwe namtoa mimi, anapimwa nje, na akishatoka hata tukishindwana bei harudi ndani. Kuna wanaonuna wanasema naringa, sawa. Mabaki ya hotelini sichukui, nyama ya nguruwe ikiwemo humo ndo umeleta ugonjwa kwenye ndoo.

Na dume usikae naye mpaka anapanda mabinti zake, badilisha kabla hawajakomaa. Mpya akija mtenge mwezi mzima, banda la mbali, na anayemlisha aanze kwa wazima amalizie kwake. Ukitaka awe kazini Desemba basi mnunue Oktoba, si wiki ya kupandisha.