Jibu: Treni ya usiku kutoka Mombasa, kusimama Nairobi kuona shoo ya Jamhuri, kisha Bungoma

Dada, kama nimekuelewa, mnatoka Changamwe wewe na mzee na watoto wawili, mnaenda Bungoma kwa wakwe, na kwa kuwa safari imeangukia wiki ya maonyesho ya kilimo na biashara ya uwanja wa Jamhuri mnataka kusimama Nairobi siku moja muione shoo. Mpango wenu ni kupanda treni ya saa nne usiku, mlale njiani, muokoe pesa ya chumba. Mimi nakaa upande wa Ngong Road, na wiki ya shoo nyumba yangu haikosi wageni kutoka Pwani. Wamekuja kwa treni za saa zote, kwa hiyo nikwambie ninavyoona.

Hiyo treni ya usiku haina pa kulala. Enzi za behewa la vitanda, na shuka, na kengele ya chakula, ziliisha na gari moshi la zamani mwaka 2017 reli mpya ya SGR ilipoanza. Sasa ni viti tu, usiku na mchana. Vya daraja la kawaida vinatazamana na mgongo wake haulali nyuma, kwa hiyo utakaa magoti kwa magoti na mtu usiyemjua hadi Syokimau, taa zinawaka, na kila ukianza kusinzia anapita mwenye toroli ya chai. Kijana peke yake atavumilia. Mama mwenye mtoto amemlalia kila paja, sijui.

Halafu kuna saa ya kufika, na hapo ndipo mpango wenu unapovunjika. Mtashushwa saa tisa na nusu za usiku, na stesheni yenyewe haiko mjini, iko Syokimau kando ya Mombasa Road. Hesabu: watoto wamelala, mabegi, baridi ya Nairobi ambayo watoto wa Changamwe hawaijui, na lango la Jamhuri bado limefungwa kwa saa kadhaa. Bila shaka mtatafuta gesti. Pale mapokezi mtaambiwa vyumba vya leo vinaanza mchana, na anayeingia saa kumi alfajiri analipia usiku uliokwisha. Sasa pesa mliyookoa iko wapi? Mmelipa chumba kilekile, mkalala kwa saa tatu badala ya nane.

Kwa hiyo pandeni ya saa tisa alasiri. Nauli ni ileile, 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza tangu Januari 2024, na watoto wa kati ya miaka 3 na 11 hulipa nusu. Mtaingia Nairobi kuelekea saa tatu usiku, watu bado wako macho, magari yapo, mtakula na kulala kitandani kama watu. Na kuna faida ambayo wengi hawaihesabu: mkiondoka mchana watoto wataona Tsavo. Ukiwa na bahati ndovu huonekana wamesimama karibu na tuta la reli, wamepakwa udongo mwekundu hadi masikioni. Usiku kioo kinakuonyesha uso wako tu.

Ikiwa mzee hatoki kazini hadi jioni na hakuna njia ila ile ya saa nne, basi pigeni simu gesti mapema, mkubaliane kabisa bei ya kuingia alfajiri, na watoto wavae sweta tangu mkiwa stesheni ya Miritini, maana kiyoyozi cha behewani nacho hakina huruma. Tikiti kateni mapema kwa simu, *639#, mlipe kwa M-Pesa. Wiki hiyo viti huisha. Fikeni stesheni zaidi ya saa moja kabla, mkiwa na vitambulisho, kwa sababu mabegi hupangwa chini yanuswe na mbwa, kisha yapite kwenye mashine, na foleni haijali kwamba una mtoto.

Mlale wapi? Watu wengi huchukua chumba Syokimau au Mlolongo kwa kuwa stesheni iko pale. Mimi siungi mkono. Saa tatu usiku barabara inatembea, na dereva akipita juu kwenye Expressway (ushuru ni wenu) mtakuwa mjini upesi. Asubuhi yake ndiyo kazi: Mombasa Road ikijaa foleni ya magari saa moja na nusu asubuhi, mtaimaliza shoo mkiwa ndani ya matatu. Tafuteni chumba upande wa shoo, Adams au maeneo ya Kilimani, au mjini karibu na stendi ya Railways ambako matatu za 111 za Ngong Road huanzia. Mwambie makanga akushushe Showground. Mabegi muyaache gestini, msiyabebe Jamhuri.

Siku nayo ichagueni. Shoo huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Siku ya rais kuja kufungua, ambayo kwa kawaida ni Jumatano, ni ulinzi na kusubiri kila mahali. Jumamosi na Jumapili ni umati wa bembea na muziki, ng'ombe wenyewe huwaoni kwa vichwa vya watu. Kwenu nyinyi ningesema Ijumaa, na nina sababu nyingine nitakayoifikia.

Mkiingia, nendeni kwenye mabanda ya mifugo kwanza kabla jua halijawa kali na watoto hawajaona pamba ya sukari. Pale ndipo shoo ilipo, mengine ni mahema ya makampuni yanayogawa karatasi. Utamkuta kijana wa koti jeupe amechuchumaa nyuma ya ng'ombe wa Friesian, ndoo ya povu kando, anachana ncha ya mkia nywele moja moja, ng'ombe naye anatafuna tu kama bibi harusi aliyezoea. Muulize swali lolote la maziwa, atakujibu kuliko kitabu. Baada ya hapo pitieni KALRO, wale wa utafiti wa kilimo na mifugo, kwa mbegu na kuku, KEFRI, wa utafiti wa misitu, kwa miche, na banda la Magereza, ambako mzee ataangalia makochi ya mbao ya kazi ya wafungwa na wewe utamvuta mkono.

Sasa ile sababu ya Ijumaa. Treni ya Kisumu ya reli ya zamani hutoka stesheni kuu ya Nairobi Ijumaa jioni na kufika Jumamosi asubuhi. Hii nayo ni ya usiku, ila inawafikisha kumekucha, matatu zimejaa stendi, hakuna gesti ya kutafuta. Kama mnataka kweli kusafiri usiku, basi ni huku, si kule. Ulizieni kwanza Shirika la Reli kama wiki hiyo inatembea, maana imewahi kusimamishwa. Na mkiipanda, tokeni Jamhuri saa tisa alasiri, mpitie mabegi. Ngong Road ya Ijumaa jioni haina rafiki. Toka Kisumu mtashika matatu za kupitia Kakamega na Webuye hadi Bungoma.

Umesema pia unataka kumnunulia mama mkwe vifaranga vya kuku wa kienyeji walioboreshwa, uvibebe kwa boksi. Usifanye hivyo. Usiku mzima behewani na joto la watu, nusu watakufia miguuni, na hata hujui kama utaruhusiwa kuingia nao. KALRO wana taasisi yao ya utafiti wa kuku Kakamega, na hapo ni njiani kwenu. Ukifika kwenye banda lao Jamhuri chukua namba, ulizia vifaranga wanatoka lini na upande upi, uweke oda, mama mkwe atume mtu akachukue.